Mteja wa Gari Lenye Supachaja Anataka Throto: Umuuzie Saizi Gani?

Wadau wauza spea, hasa nyie mnaouza kwa Instagram na status za WhatsApp, swali hili litawafikia tu: "Nina gari ina supachaja, nipe throto kubwa." Wengi wanajibu haraka, "Ipo bosi, 70," halafu wanatuma namba ya kulipia. Siku tatu baadaye mzigo unarudi. Nauli ya kwenda na kurudi nani analipa? Huku Pangani mzigo unatoka Kariakoo kwa basi, na mteja akiwa Bweni unavuka mto. Ukikosea saizi faida yote imeliwa na nauli. Kwa hiyo leo tuielewe throto yenyewe, tusiuze kwa kubahatisha.

Throto bodi ni mlango wa hewa ya injini. Ndani yake kuna kisahani cha duara, mafundi wanakiita kipepeo, kinafunguka ukikanyaga mafuta. Wengine wanadhani pale petroli ndo inapita. Hapana, kwenye gari la nozeli pale inapita hewa tu. Kompyuta ya gari inaangalia hewa imeingia kiasi gani, ndo inaamua nozeli zimwage petroli kiasi gani.

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda wa injini. Turbo kazi yake inafanana, ila yenyewe inazungushwa na moshi wa ekzosi. Barabarani supachaja utaziona kwenye Mercedes za C180 na C200 zilizoandikwa Kompressor mgongoni. Toyota nao walitoa injini ya 4A-GZE, lita 1.6, kwenye MR2 ya miaka ya 1980, na 1G-GZE ya lita 2.0 iliyokaa kwenye Crown na Mark II za zamani.

Sasa tuje kwenye hesabu, na ni ya simu tu, usiogope. Injini ya mizunguko minne inavuta hewa ya ujazo wake wote kila ikizunguka mara mbili. Chukua injini ya lita 1.5, kama 1NZ iliyopo kwenye IST nyingi. Ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inajaza mara 3,000. Zidisha 1.5, unapata lita 4,500 za hewa kwa dakika. Kiuhalisia silinda hazijai asilimia 100 kila mara, ila hesabu hii inatosha kulinganisha.

Funga supachaja inayosukuma nusu baa juu ya hewa ya kawaida. Injini inakula mara 1.5 ya mwanzo, yaani lita 6,750. (Hewa ikibanwa inapata joto na kutanuka, kwa hiyo ukweli unakuwa chini kidogo ya hapo.) Tuseme throto ni ya milimita 50. Mwanzo hewa ilikuwa inapita pale kwa mwendo wa kama mita 38 kwa sekunde. Sasa inabidi ikimbie mita 57. Ukitaka ipite kwa mwendo wake wa zamani, unahitaji tundu lenye eneo mara moja na nusu.

Hapa wauzaji wengi wanateleza. Eneo mara moja na nusu si kipenyo mara moja na nusu! Duara linakua kwa kipenyo kuzidisha kipenyo. Kutoka 50 unahitaji kama 61 tu, si 75. Ile 75 ina eneo mara 2.25 ya 50. Kwa hiyo mtu akiona 50 na 60 asidhani ni tofauti ndogo, maana 60 inapitisha asilimia 44 zaidi.

Lakini kabla ya kuhesabu chochote, muulize mteja swali moja ambalo sijaona muuzaji mwingine akiuliza: throto yako imekaa kabla ya supachaja au baada yake?

Ikiwa kabla, hewa yote inapita pale ikiwa bado ya kawaida, haijabanwa. Ndo zile lita 6,750. 4A-GZE iko hivi: hewa inapita throto kwanza, kisha supachaja, kisha kipozeo, ndo inaingia kwenye injini. Ikiwa baada, hewa inafika imeshabanwa, imejaa kwenye nafasi ndogo. Injini bado inameza ujazo uleule wa lita 4,500, ila hewa yenyewe ni nzito zaidi. Hapo throto ya kiwandani mara nyingi inatosha kabisa, na mteja anaweza kuacha pesa yake mfukoni. Mwambie ukweli. Atarudi kununua plagi na filta kwako.

Throto ikiwa ndogo kabla ya supachaja, pampu inavuta kwa shida kama mtu anayekunywa dafu kwa mrija uliobanwa. Hewa inakuwa pungufu kabla hata haijabanwa, supachaja inafanya kazi kubwa zaidi kufikia presha ileile, na hewa inatoka na joto zaidi. Nguvu inapungua.

Kipimo cha kujua kama kubwa inahitajika kipo, na hakihitaji maneno mengi. Fundi aunge geji ya presha kati ya throto na supachaja, gari likimbizwe mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho. Geji ikikaa karibu na sifuri, throto haizuii kitu, na ukiweka kubwa hakuna kitakachoongezeka. Ikionyesha mvuto mkubwa, hapo mteja ana hoja. Mara nyingi inatokea kwa mtu aliyebadilisha puli ya supachaja akaweka ndogo ili izunguke kasi. Kwa throto iliyo baada ya supachaja, fundi apime presha kabla na baada ya kipepeo. Zikilingana, tosha.

Kubwa kupita kiasi nayo ina kero. Mguu ukigusa tu kidogo hewa nyingi inaingia, gari linaruka kama punda aliyeshtuka. Kwenye foleni unakuwa mateso. Sailensi inapanda na kushuka kwa sababu kompyuta ilizoea throto nyingine. Na tundu la manifodi likiwa 55 halafu umeleta throto ya 65, hewa inagonga ukingo pale kwenye maungio, umelipia milimita 10 za bure mpaka fundi achonge manifodi.

Watu wa bodaboda, kwenu ni kali zaidi. Kabureta inategemea kasi ya hewa kunyonya petroli. Kwenye injini ya CG125 ya Kichina inayotumia PZ26 au PZ27, ukimfungia mtu PZ30 ambayo ni ya pikipiki kubwa, chini itakuwa nzito na plagi itachafuka, labda juu kabisa ndo ataona tofauti. Usimuuzie dereva anayebeba abiria na magunia, yeye anahitaji nguvu ya chini.

Turudi kwenye throto, maana kuna jambo ambalo naliona ni kubwa kuliko saizi. Throto nyingi tunazouza ni za mtumba. Kipepeo kimeshikwa na skrubu ndogo mbili kwenye mhimili wake. Huku pwani upepo wa bahari una chumvi. Aluminiamu inaota unga mweupe na skrubu za chuma zinashika kutu. Skrubu ikilegea, inaingia ndani. Kwenye gari la kawaida inaharibu valvu au pistoni. Kwenye gari ambalo throto iko mbele ya supachaja, skrubu inaingia kwanza kwenye rota za supachaja, na zile zinazunguka zikiwa karibu karibu sana, nafasi ya unywele. Supachaja nzima inakufa kwa skrubu moja, na aliyeuza throto ni wewe.

Kwa hiyo kabla hujapiga picha ya kuposti, mulika kipepeo na tochi ya simu. Skrubu zisicheze. Tikisa mhimili juu na chini, ukicheza sana throto hiyo itavuta hewa ya wizi, na ikiwa baada ya supachaja itavujisha hewa iliyobanwa. Safisha masizi kwa dawa yake, ila throto ya umeme usiisukume kipepeo kwa nguvu na kidole, ina gia ndogo za plastiki ndani. Ukishamaliza ifunge kwenye nailoni, usiianike dirishani.

Saizi pima mwenyewe kwa vernia kalipa, ile ya maabara ya fizikia, sasa hivi za dijitali zinauzwa bei ya kawaida. Pima upande wa kipepeo, si mdomo wa nje ambao mara nyingi umetanuka. Pima pia umbali wa matundu ya bolti kutoka moja hadi jingine. Throto mbili za 60 zinaweza zisikae kwenye manifodi moja.

Meseji ninayomtumia mteja iko hivi, nakili ukitaka: "Bosi wangu, nitumie picha ya throto yako ya zamani ikiwa na rula pembeni, picha ya soketi ya waya ionekane ina pini ngapi, na aina ya injini. Ni ya kebo au ya umeme? Imekaa kabla au baada ya supachaja? Umebadilisha puli au kitu chochote, au gari ni kama lilivyotoka kiwandani?"

Akijibu kwamba ni kama lilivyotoka kiwandani, tafuta ileile kwa namba ya spea iliyochapwa kwenye throto yenyewe, habari za saizi ziache. Hao wa Kompressor karibu wote wako kundi hili: gari linamisi, taa ya injini imewaka, mtu kamwambia "weka kubwa". Akijibu kuwa amebadilisha puli, mwombe picha ya geji. Akikosa vyote na bado anataka 70, muuzie, lakini aandike kwenye chati kwamba saizi kachagua yeye, kabla hujapeleka mzigo stendi.