Kamera ya Kipimaumbali: Kwa Nini Ni Vigumu Kuipunguza?

Mwanafunzi akinyosha mkono na kukitazama kidole gumba kwa jicho la kulia, kisha kwa jicho la kushoto, huona kana kwamba kidole kimehama mbele ya ukuta. Akikileta kidole karibu na uso, mhamo huo huongezeka. Akikipeleka mbali, hupungua. Kanuni hii ndiyo msingi wa kamera ya kipimaumbali, na ndiyo kikwazo kikubwa kwa mhandisi anayetaka kuifanya kamera hiyo iwe ndogo zaidi.

Kamera ya aina hii ina vidirisha viwili. Mpigapicha hutazama kupitia kimoja, na kioo kilichowekwa nyuma ya cha pili humletea taswira nyingine ya kitu kilekile. Lenzi inaposogezwa, kioo nacho hugeuka. Taswira mbili zikipandana sawasawa, kitu kimo katika fokasi. Leica II, iliyotolewa na kampuni ya Leitz ya Ujerumani mwaka 1932, iliunganisha kipimaumbali na lenzi kwa namna hiyo.

Nafasi iliyopo baina ya vidirisha ni kitako cha pembetatu, na kitu kinachopigwa picha ndicho kipeo chake. Katika Leica M3 ya mwaka 1954, kitako kilikuwa milimita 68.5. Kwa kitu kilicho umbali wa mita 10, pembe ya kipeo ni digrii 0.39 tu. Kitu kikirudi nyuma hadi mita 11, pembe hupungua kwa dakika 2 hivi, na dakika 60 ndizo hufanya digrii 1. Jicho zima la binadamu hutofautisha kiasi cha dakika 1. Basi kitako kikikatwa nusu, mpigapicha hukaribia ukomo wa jicho lake.

Mhandisi wa Kijapani Yoshihisa Maitani alionyesha njia moja ya kutoka katika Olympus XA ya mwaka 1979, kamera ya kutiwa mfukoni. Alikubali kitako kifupi, lakini akachagua lenzi ya milimita 35 ambayo tundu lake kubwa kabisa ni f/2.8. Lenzi kama hiyo huonyesha vizuri hata vitu vilivyo mbele na nyuma kidogo ya shabaha. Kwa hiyo kosa dogo la upimaji haliharibu picha.

Kamera za kidijitali zilileta tatizo la pili, nalo ni unene. Ili lenzi za zamani za Leica M ziendelee kutumika, ni lazima pawepo milimita 27.80 kutoka kikalio cha lenzi hadi kihisimwanga. Filamu ni nyembamba, lakini nyuma ya kihisimwanga hufuata saketi na skrini. Leica M10 ya mwaka 2017 ilipunguzwa unene kwa takriban milimita 4 ikilinganishwa na iliyoitangulia.

Je, vioo na vidirisha viondolewe kabisa? Kamera nyingi za leo hulinganisha miali iliyopita upande mmoja wa lenzi na ile iliyopita upande wa pili, kisha hujilenga zenyewe. Hata hivyo, pembetatu haikutoweka. Kitako chake kimehamia ndani ya tundu la lenzi. Mwanafunzi mwenye rula na jedwali la tanjenti aweza kukokotoa mwenyewe gharama ya kila milimita inayopunguzwa.