Tahadhari ya Mafuriko ya Ghafla: Hutolewa Lini, na Sisi Tufanye Nini?



Tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka mto Enziu, huko Mwingi, kaunti ya Kitui. Maji yalikuwa yameshafunika barabara. Basi lilisombwa, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Mafuriko ya ghafla ni maji yanayofika saa chache tu baada ya mvua kubwa, mara nyingi kabla ya saa 6 kuisha. Mvua yaweza kunyesha huko milimani, na kwenu jua linawaka na mchanga wa mto ni mkavu. Halafu unasikia kishindo, maji hayo!

Tahadhari hutolewa lini?

Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa tahadhari ya mvua kubwa ikiona kwamba mvua ya zaidi ya milimita 20 yaweza kunyesha kwa saa 24. Hutaja kaunti na siku zenyewe.

Labda utasema milimita 20 ni kidogo. Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita mraba 1 ni lita 1 ya maji. Basi milimita 20 kwenye ekari moja ni kama lita 80,000, yaani madramu 400. Ardhi ngumu, au iliyoshiba maji tayari, haiwezi kuyanywa yote. Yanakimbilia mtoni.

Lakini tahadhari hiyo ni ya kaunti nzima. Haiwezi kuwaambia mto wenu utajaa saa ngapi. Hapo ndipo kazi ya kikundi inaanzia:

1. Chagueni mtu wa kusikiliza redio kila jioni wakati wa mvua. Asikilize pia habari za kaunti ambako mto wenu unatoka.
2. Wekeni namba ya simu ya mtu anayeishi upande wa juu wa mto. Akiona maji, awapigie mara moja, hata usiku.
3. Kubalianeni ishara moja: kengele, filimbi au kugonga debe. Hata watoto waijue.
4. Tahadhari ikitolewa, wanaolala karibu na mto wahamie juu kabla ya giza, pamoja na wazee, wagonjwa na mifugo.
5. Msivuke. Maji yanayokimbia, hata yasipofika magotini, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 hubeba magari mengi. Tena matope huficha barabara iliyokatika.

Dereva akitaka kujaribu, abiria wakatae na washuke. Kungoja maji yapungue si woga.

Jadilianeni katika mkutano wenu:
- Nani atasikiliza redio?
- Tuna namba ya nani huko juu?
- Usiku, tutakimbilia wapi, na nani atambeba asiyeweza kutembea?