Kipima Hewa Kikinyamaza, Toka Shimoni

Ndugu wafanyakazi, nanyi akina mama mlio nyumbani, safari hii tuache kidogo habari za kofia na buti. Tuseme juu ya kile kisanduku chenye namba kinachopimia hewa ya shimoni. Wengi hukitazama mara moja tu wanapoingia. Wakiona namba ni ndogo, wanashuka na moyo umetulia. Lakini je, namba ile imetoka wapi? Ni ya dakika hii, ama ni ya asubuhi?

Hewa mbaya haina rangi. Sisi watu wa Kivu twaijua, hata jina lake tunalo: mazuku. Kule upande wa Goma, kaboni dioksidi hutoka ardhini na kulala mahali pa bondeni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Mbuzi hufa hapo, na mtoto huishiwa pumzi mahali ambapo baba yake amesimama bila kusikia kitu. Huku kwetu Kipese na Butembo hatukai juu ya volkano, lakini shimo la zamani lisilopitisha upepo laweza kukusanya hewa hiyohiyo. Tena anayo ndugu mkali zaidi, kaboni monoksidi, inayotoka katika moshi wa motopompa na wa jenereta. Hii hailali chini. Huchanganyika na hewa yote. Mshumaa hufifia pale oksijeni inapopungua, lakini kaboni monoksidi yaweza kukuua huku mshumaa ukiwaka vizuri kabisa. Anayesema mshumaa wamtosha, mimi kama msaidizi wa mganga simwungi mkono.

Zamani huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walishuka na ndege mdogo, kanari, ndani ya tundu. Desturi hiyo ilidumu hata miaka ya 1980, ndipo mashini za umeme zikachukua nafasi yake. Kanari alikuwa na jambo moja zuri: akinyamaza na kuanguka, kila mtu alikimbia. Ukimya wake ndio uliokuwa kengele. Mashini ya leo ikinyamaza, sisi tunaona ni salama! Hapo ndipo penye hatari, na ili kuielewa yatupasa kukifungua kisanduku.

Ndani yake mara nyingi kuna watu wawili, kama tunaweza kusema hivyo. Wa kwanza ni pua, yaani kihisio kinachonusa hewa. Wa pili ni mikrokontrola, kompyuta ndogo kama ukucha, inayosoma habari ya pua, kuandika namba kwenye kioo na kupiga king'ora. Katika mashini nyingi hao wawili huongea kwa njia ya siriali. Maana yake ni kupitisha habari kidogo kidogo katika waya mmoja, kama tunavyopokezana mabeseni ya mchanga kwa mstari kutoka shimoni: beseni moja, lingine, lingine. Kila beseni ni biti, nayo ni umeme uliopo au usiokuwepo. Biti 8 hufanya neno moja liitwalo baiti. Mbele ya baiti huwekwa biti ya kusema «naanza», na nyuma biti ya kusema «nimemaliza».

Lakini katika waya hakuna anayehesabu kwa sauti. Kila mmoja hutumia saa yake mwenyewe, na mwendo lazima uwe mmoja. Akina mama wawili wanaotwanga sombe katika kinu kimoja wanalijua jambo hili: mmoja akibadili mwendo, michi inagongana. Mwendo unaotumika sana ni 9600, yaani biti 9600 kwa sekunde. Fundi akiandika programu ya mikrokontrola kwa mwendo mwingine, kitakachofika si ukimya, bali ni maneno ya ovyo. Hata saa yenyewe yahitaji kuangaliwa. Mikrokontrola ya ATmega328, ambayo wanafunzi wengi huijua kwa jina la Arduino Uno, inayo saa ya ndani ambayo ikitoka kiwandani yaweza kukosea hadi asilimia 10. Kosa la asilimia 5 tu, likijumlishwa katika biti 10 za neno moja, limekwisha kuwa nusu ya biti. Kwa hiyo fundi mwenye akili huweka kristali nje ili saa itembee sawasawa.

Tuchukue mfano wa kweli. Kipo kihisio cha kaboni dioksidi kiitwacho MH-Z19, cha kampuni ya Winsen ya China, ambacho watu hukitumia kupima hewa ya nyumba na madarasa. Mikrokontrola hukiuliza kwa baiti 9: 255, 1, 134, kisha sifuri tano, kisha 121. Hiyo 121 si ya bure. Ni namba ya ulinzi: jumlisha 1 na 134, unapata 135, na ili ufike 256 unahitaji 121. Nacho hujibu kwa baiti 9, zinazoanza na 255 na 134, na ya mwisho ni ulinzi wa namna hiyo. Kipimo chenyewe kimo katika baiti ya tatu na ya nne. Zikiwa 3 na 32, unazidisha 3 kwa 256, unaongeza 32, unapata 800: sehemu 800 katika milioni, hewa isiyo mbaya.

Sasa tazama vizuri. Kama baiti ya tatu ilikuwa 19, kipimo kilikuwa 4896, karibu kabisa na 5000 ambayo ndiyo kipimo cha juu kwa siku nzima ya kazi. Motopompa ikiwashwa karibu na waya, ikatia fujo ya umeme katika biti moja tu, 19 yaweza kufika ikiwa 3. Kioo kitaandika 800! Namba ya ulinzi haitakubaliana, lakini programu ikiwa haiihesabu, nani atajua? Kuna watu wanaoruka hesabu hiyo kwa kusema kwamba mezani mashini ilifanya kazi vizuri. Mezani hapana motopompa.

Kosa la pili ni baya kuliko hilo, kwa sababu ni la kimyakimya. Waya umekatika, ama maji yameingia katika kiunganishi. Pua haijibu. Programu mbovu huendelea kuonyesha namba ya mwisho iliyopokea, saa nzima, hata siku nzima. Nyingine huandika sifuri, nawe unafurahi. Programu nzuri hupewa muda wa kungoja, tuseme sekunde 2. Muda ukipita bila jibu sahihi, inafuta namba, inaandika mistari na kupiga king'ora. Na kama programu yenyewe imekwama, ndani ya mikrokontrola kuna saa ya mlinzi: isipoguswa kwa wakati, inaianzisha upya. Fundi huiwasha kwa mistari michache tu ya programu.

Umbali nao una sheria zake. Njia ya zamani ya RS-232, iliyotolewa Marekani mwaka 1960, ni ya mita kama 15. Kwa shimo refu hutumika RS-485, ya mwaka 1983: waya mbili zilizosokotwa pamoja, ambapo mpokeaji hutazama tofauti kati ya waya hizo mbili, hivyo fujo inayozigusa zote kwa pamoja haimsumbui sana. Kwa mwendo wa polepole hufika mita 1200.

Nisieleweke vibaya. MH-Z19 si chombo cha shimoni, wala hakinusi kaboni monoksidi hata kidogo. Nimekitaja kwa sababu lugha yake yaeleweka upesi. Shimoni tunataka mashini iliyothibitishwa kwa kazi ya migodi, hata kama bei inauma.

Kwa kaboni monoksidi shikeni namba hizi: 35 katika milioni ndiyo kipimo cha zamu nzima, 200 hairuhusiwi hata kidogo, na 1200 yahatarisha maisha papo hapo. Kichwa kikiuma, kichefuchefu kikianza, miguu ikilegea, na hasa yakiwashika watu wawili watatu pamoja, hiyo si malaria. Zimeni injini, tokeni wote. Mwenzako akianguka ndani, usimfuate bila chombo cha kupumulia, la sivyo tutawabeba wawili. Nje, mlaze penye upepo, mwite mganga, apewe oksijeni. Katika hewa ya kawaida nusu ya sumu hukaa damuni saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni ni kama saa moja na nusu.

Kabla ya zamu, kapita na achomoe waya wa pua kwa makusudi, akiwa nje, mbele ya watu. Ahesabu polepole hadi 10. King'ora kikilia na namba ikifutika, aurudishe waya, na kazi iendelee. Namba ikibaki pale pale, kisanduku hicho hakishuki. Kipelekwe kwa fundi pamoja na karatasi yenye tarehe na jina la shimo, na zamu ingoje kingine.