Baraza na Ushahidi: Desturi ya Pwani ya Kupima Kesi za Mauaji ya Nyumbani

Baraza ni benchi la mawe au la saruji lililojengwa ubavuni mwa mlango wa nyumba ya Kiswahili, na ni jina pia la watu wanaokaa hapo. Katika nyumba za mawe za Lamu, ukumbi mdogo wenye mabenchi mbele ya mlango huitwa daka. Katika Mji Mkongwe wa Unguja mabenchi hufuata ukuta wa njia, na katika nyumba za udongo za Ng'ambo (upande wa pili wa mji huo), Bagamoyo na Tanga kibaraza ni ukingo ulioinuliwa chini ya upenu. Neno hilo hilo limepanda hadi serikalini na mahakamani: kuna Baraza la Mawaziri, Baraza la Wawakilishi na wazee wa baraza. Limepanda kwa sababu benchi la mlangoni lilikuwa mahali pa kushauriana kabla ya kuwapo ofisi yoyote.

Watu hukusanyika baada ya sala ya alasiri, hutawanyika magharibi, na wengine hurudi baada ya isha. Muuza kahawa hupita na dele lake la shaba lenye makaa chini, akigonganisha vikombe ili asikike kabla hajaonekana. Bao, karata, dhumna, mpira na siasa vina saa zake, na vimekwisha kuandikwa vya kutosha. Kinachostahili kurasa zaidi ni namna baraza linavyojadili kesi, na hasa kesi iliyo ngumu kuliko zote: mtu ameuawa ndani ya nyumba, na anayeshtakiwa ni mume, mke, ndugu au mtumishi wa nyumba hiyo hiyo.

Wageni wengi waliopita mbele ya baraza wameuita mjadala huo umbeya. Jina hilo si la haki. Umbeya ni kuhamisha siri ya mtu kutoka nyumba hadi nyumba kwa lengo la kumharibia. Baraza hujadili maneno yaliyosemwa hadharani, mbele ya hakimu au jaji, na shahidi aliyekula kiapo. Anayeyaleta ni mtu aliyeacha kazi yake asubuhi, akaenda mahakamani Unguja au Mombasa, akakaa kwenye viti vya nyuma hadi kesi ikaahirishwa. Akirudi hupewa nafasi ya katikati na kikombe cha kwanza. Wajibu wake ni kueleza shahidi alisema nini, kwa maneno ya shahidi, bila kutia lake. Akianza kusema, "Yule mke muongo," hukatizwa mara moja: "Ngoja kwanza, Sheikh. Yeye kasema nini?"

Kanuni ya kwanza ya mjadala ni kutenganisha mambo matatu: nimeona, nimesikia, na nadhani. Mwenye kusikia huulizwa amesikia kwa nani, na huyo naye alisikia kwa nani, mpaka mnyororo ufike kwa aliyeona au ukatike. Ukikatika, neno hilo huwekwa kando. Wanasheria hutumia miaka chuoni kujifunza kwamba ushahidi wa kusikia una kasoro. Barazani kijana hulijua hilo kabla hajaota ndevu, kwa kuulizwa maswali hayo mbele ya watu na kukosa jibu.

Kanuni ya pili ni kutazama masilahi ya msemaji. Mwamba ngoma ngozi huivuta kwake, kwa hiyo ndugu wa marehemu atakayerithi nyumba husikilizwa, lakini neno lake hupimwa kwa urithi huo. Hapo ndipo ujuzi wa ujamaa unapofanya kazi ambayo karatasi za polisi haziwezi kuifanya. Wazee wanajua nani ni mtoto wa mke mkubwa, talaka ngapi zimekwisha kutolewa, mahari gani haijalipwa, na shamba gani la mikarafuu au minazi lina ugomvi tangu enzi ya babu. Katika mauaji ya nyumbani sababu nyingi hukaa hapo. Kikulacho ki nguoni mwako, na anayezijua nguo za jirani yake ni anayeziona zikianikwa kila siku.

Kanuni ya tatu inahusu nyumba yenyewe. Baraza huijenga upya nyumba ya tukio kwa maneno: mlango wa mbele una komeo au kitasa, mlango wa uani unafungwa na nani usiku, kisima kiko upande gani, ukuta wa jirani una urefu gani, kuku bandani walilia saa ngapi. Swali la mwanga huchukua jioni nzima. Shahidi akisema alimtambua mshtakiwa kwa taa ya koroboi, wazee hutaka kujua utambi ulikuwa mrefu kiasi gani, taa iliwekwa sakafuni au juu ya kabati, na mtu alisimama mbele yake au nyuma yake. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilifika katika maswali hayo hayo mwaka 1980, katika shauri la Waziri Amani, ilipoelekeza kwamba utambuzi lazima upimwe kwa umbali, mwanga, muda wa kumwona mtu, na kama shahidi alimfahamu tangu zamani. Uamuzi huo hunukuliwa hadi leo. Watu waliokulia kwenye koroboi hawakuhitaji kuambiwa kwamba taa hiyo humwonyesha anayeishika kuliko anayeitazama.

Wakati nao una hesabu yake. Saa ya Kiswahili huanza kuhesabiwa jua linapochomoza na linapotua, na mashahidi wengi huipanga siku kwa adhana: baina ya magharibi na isha, kabla ya alfajiri. Kwa miaka mingi kumbukumbu za mahakama za juu ziliandikwa kwa Kiingereza ilhali shahidi alisema Kiswahili, na "saa mbili usiku" ingeweza kuingia kwenye karatasi kama "2 a.m.", yaani saa nane usiku. Tofauti ya saa sita katika kesi ya mauaji inatosha kumpa mtu kitanzi au kumwachia. Tanzania Bara ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hatua hiyo ilitimiza haki ambayo baraza limeidai muda mrefu.

Kanuni ya nne ni kuwapo kwa mtetezi. Mara nyingi mzee mmoja huchukua upande wa mshtakiwa, hata kama moyoni hamwamini, ili mazungumzo yasiteremke yote upande mmoja. Yeye ndiye huuliza: kama alikuwa na nia ya kuua, kwa nini alipiga kelele za kuomba msaada? Kama alikimbia, mbona aliacha viatu na fedha? Na ndugu wa mshtakiwa akitokea kwenye kona, salamu hubadilishwa, mjadala hukoma na kahawa huagizwa kwa jina lake. Ni adabu, na pia ni ulinzi. Anayesema barazani anajua kesho atakaa benchi hilo hilo na watu wanaoumizwa na maneno yake, kwa hiyo huyapima kabla hayajatoka.

Kwa kawaida wanawake hawakai kwenye baraza la mlangoni, lakini kosa kubwa ni kudhani hawana baraza. Lao liko uani, kwenye kusuka ukili na kuchambua mchele, na siku za matanga ndani ya nyumba ya msiba. Katika mauaji ya nyumbani wao ndio wenye ushahidi wa karibu. Wanajua sufuria gani ilikuwa jikoni usiku ule, nani alipika na nani hakula, kanga ya marehemu ilikuwa ipi, na kilio cha usiku kilikuwa cha ugomvi au cha uchungu. Habari zao huvuka ukuta kwa mke kumweleza mumewe, na mume huzipeleka nje bila kumtaja.

Desturi nzito kuliko zote ni ya kuosha maiti. Mwanamke aliyekufa huoshwa na wanawake, mwanamume na wanaume, na mwoshaji ana wajibu wa sitara: aibu aliyoiona mwilini hufunikwa na haitoki. Maziko hufanyika upesi, aghlabu siku hiyo hiyo. Mgeni akisikia haya husema kwamba Waswahili huficha ushahidi. Ukweli ni mpana zaidi. Sitara inahifadhi heshima ya marehemu. Jeraha la dhuluma si aibu ya marehemu. Mwoshaji aliyeona alama za vidole shingoni husimama, humwita mwenziwe atazame, na neno hufikishwa kwa mkubwa wa familia kabla sanda haijafungwa. Mwoshaji wa aina hiyo hufunzwa na mtangulizi wake kwa miaka. Siku hizi miili mingi huoshwa hospitali na watu wa kukodi, na elimu hiyo inapotea bila mtu kuihesabu kama hasara.

Fasihi ya Kiswahili ilikwisha kuitambua akili hii. Muhammed Said Abdulla, aliyezaliwa Makunduchi, Unguja, mwaka 1918, alimuumba Bwana Msa, mpelelezi asiye polisi, mwenye kiko mdomoni na rafiki yake Najum ubavuni. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957–58 la East African Literature Bureau, ikachapishwa mwaka 1960. Wahakiki wengi huishia kumlinganisha Bwana Msa na Sherlock Holmes. Kiko kinaweza kutoka London. Lakini kazi yake ya kuchimbua nasaba, urithi na siri za ndoa ni kazi ya barazani.

Wageni wenyewe wana desturi hiyo hiyo. Tarehe 24 Januari 1941 Mzungu mwenye cheo, Earl wa Erroll, alikutwa amepigwa risasi ndani ya gari lake karibu na Nairobi. Aliyeshtakiwa ni Sir Jock Delves Broughton, ambaye mkewe alikuwa na mapenzi na marehemu. Jopo la Wazungu wenzake lilimwachia tarehe 1 Julai mwaka huo, baada ya ubishi mrefu juu ya alama za risasi. Tangu hapo wasio polisi wameichambua kesi hiyo kwa vizazi; kitabu cha James Fox, White Mischief, kilitoka mwaka 1982 na filamu ikafuata mwaka 1987. Kazi hiyo huitwa utafiti na historia. Wazee wa Ng'ambo wakipima ushahidi kwa uangalifu uleule, wanastahili jina lile lile.

Wakoloni waliikubali thamani hiyo nusu tu. Huko Kenya, Mzungu alihukumiwa na jopo la Wazungu wenzake ambalo neno lake lilikuwa la mwisho, na Mwafrika alihukumiwa na jaji akisaidiwa na wazee ambao maoni yao hayakumfunga. Baada ya uhuru wazee walibaki. Kwa sheria ya Tanzania Bara ya mwaka 1985, kesi za mauaji Mahakama Kuu zilisikilizwa kwa msaada wa wazee wa baraza wawili au zaidi. Jaji aliwafafanulia ushahidi na sheria, kisha kila mmoja akasema kwa mdomo wake kama mshtakiwa ana hatia. Kabla ya hapo, mwaka 1954, katika shauri la Washington Odindo, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema kwamba maoni yao yana thamani kubwa iwapo wanaelewa kikamilifu mambo ya kesi.

Kuelewa huko hakukushughulikiwa. Majaji wengine walifupisha maelezo hadi yakakosa maana, na wengine waliwaacha wazee wawahoji mashahidi kwa namna ya kuwabana, kazi ambayo sheria haikuwapa. Wao waliruhusiwa kuuliza ili kufafanua. Mahakama ya Rufani ya Tanzania ikafuta hukumu nyingi kwa kasoro hizo, na kesi zikaanza upya huku mashahidi wakiwa wamezeeka au wamekufa. Lawama ikawaangukia wazee, ingawa waliokosa kuelekeza ni wanasheria. Kenya iliwaondoa mwaka 2007. Tanzania Bara iliondoa ulazima wao mwaka 2022, na sasa jaji anaweza kuketi peke yake kuamua kilichotokea katika chumba cha udongo, mwanga wa koroboi, baina ya mke mkubwa na mke mdogo.

Nje ya mahakama desturi inapungua pia. Nyumba mpya zina ukuta na geti, na geti halina benchi. Kesi za mauaji ya nyumbani hujadiliwa kwenye simu na watu wasiojuana, ambapo nimeona, nimesikia na nadhani huchanganywa, na msemaji hatakutana kesho na mama wa mshtakiwa. Mabaraza yaliyobaki, Mji Mkongwe, Kuze mjini Mombasa na kwenye njia nyembamba za Lamu, bado yana wazee wanaomkatiza msemaji na kumuuliza amesikia kwa nani. Vijana wanaokaa pembeni yao wakishika vikombe ndio warithi pekee wa kanuni hizo, kwa kuwa hakuna shule nyingine inayozifundisha.