Fimbo Haimtoi Mbwa Woga

Huko Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, mbwa hafugwi kwa mapambo. Analinda mbuzi usiku, anafukuza nyani katika mashamba yanayopakana na hifadhi ya Queen Elizabeth, na karibu na mpaka wa Mpondwe analinda maduka. Ndiyo maana mbwa wa miezi minne anayetoa meno husifiwa, kisha akimng'ata mtoto wa nyumbani huchapwa. Kusifu na kuchapa, vyote viwili ni makosa, kwani ukali wa mbwa mchanga mara nyingi ni woga. Mtazame mbwa huyo mgeni anapopita: mkia ameubana, masikio ameyalaza, anabweka huku akirudi nyuma. Anataka kukimbia, ila mnyororo umemzuia. Amebaki na meno tu. Mwaka 1961 watafiti wa Marekani Freedman, King na Elliot walionyesha kwamba watoto wa mbwa waliokaa mbali na watu hadi wiki ya 14 waliwaogopa sana. Anayefungwa nyuma ya jiko tangu aache kunyonya anapitwa na wiki hizohizo.

Wapo watakaosema walimchapa akaacha kunguruma. Aliacha kuonya, hofu imebaki, na siku nyingine atang'ata kimyakimya. Katika utafiti wa Herron na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, uliochapishwa mwaka 2009, asilimia 43 ya wenye mbwa waliokuwa wamempiga au kumpiga teke mbwa wao walisema alijibu kwa ukali. Hoja nzito zaidi ni kwamba mbwa aliyezoea watu atamkaribisha mwizi. Lakini aliyezoea watu ndiye anayemtofautisha muuza maziwa wa asubuhi na anayeruka ua usiku. Mwoga humbwekea kila apitaye, mpaka mwenye nyumba anaacha kuamka. Basi mgeni apite mbali, mbwa arushiwe kipande cha chakula akiwa bado ametulia, na umbali upunguzwe siku hadi siku. Akila, watoto wasimsogelee.

Ila mbwa aliyebadilika ghafla, anayetokwa mate na kushindwa kumeza, huenda ana kichaa cha mbwa. Huyo msimguse, mwiteni daktari wa mifugo. Chanjo hutolewa kuanzia miezi mitatu. Aliyeng'atwa na mbwa yeyote aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu dalili zikishaanza, karibu hakuna anayepona.