Moyo ni pompi yenye milango minne: tuichunge toka kooni



Sisi tuliokulia hapa Kabimba tumezoea mashine. Kiwanda cha simenti kinazunguka, kisha siku moja kinasimama mafundi wafanye matengenezo, na hakuna anayeshangaa. Lakini kila mmoja wetu amebeba kifuani mashine isiyosimamishwa hata siku moja. Mapumziko yake ni kati ya pigo na pigo tu, chini ya sekunde moja. Nataka tuielewe, kwa sababu kuna njia moja inavyoharibika ambayo wengi hatuidhanii.

Moyo una ukubwa wa ngumi yako. Ndani muko vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Ufikirie kama pompi mbili zilizoshikana. Pompi ya kuume inapokea damu inayotoka mwilini, ambayo oksijeni yake imepungua, na kuisukuma kwenye mapafu. Huko damu inaacha hewa chafu na kuchukua oksijeni. Kisha inaingia pompi ya kushoto, na hiyo njo inaituma kila mahali: kichwani, kwenye figo, mpaka vidole vya miguu. Mapafu yako karibu, vidole viko mbali. Njo maana ukuta wa kushoto ni mnene kuliko wa kuume.

Tufanye hesabu kidogo. Kila pigo linatoa karibu mililita 70. Ukiwa umetulia, moyo unapiga kama mara 70 kwa dakika: hiyo ni karibu lita 5. Kwa siku nzima inapita lita 7,000, yaani bidoni 350 za lita 20! Nani kati yetu angepandisha bidoni 350 toka ziwani kwa siku moja? Na mtu mzima ana damu lita 5 hivi tu. Basi ni damu ileile inazunguka. Hesabu ya namna hii njo ilimsaidia munganga Mwingereza William Harvey kuonyesha mzunguko huo mwaka 1628, wakati Ulaya walifundishwa kwamba ini linatengeneza damu mpya kila mara kutokana na chakula.

Sasa, kwa nini damu hairudi nyuma? Angalia pompi ya kinga. Ukivuta mkono, hewa ya tairi hairudi, kwa sababu kuna valvu. Moyo uko na valvu nne, milango inayofunguka upande mmoja tu. Zile sauti mbili munganga anazosikiliza kifuani, du-dup, ni za milango hiyo ikifungwa. Mlango ukivuja au ukikaza, anasikia mvumo kati yake.

Na kinachoharibu mlango mara nyingi kwa vijana wa Afrika ni ugonjwa wa koo. Mtoto wa miaka 5 mpaka 15 anapata koo la bakteria wanaoitwa streptokoka. Tunamwambia asukutue maji ya chumvi, yataisha. Koo linapona kweli. Lakini kwa watoto wengine, wiki mbili tatu baadaye, kinga ya mwili inakosea na kushambulia viungo na valvu za moyo. Viungo vinapona, valvu inabaki na kovu. Ikirudia, kovu linaongezeka.

Miaka inapita. Kijana wa miaka 20 anapanda kilima na kuhema. Usiku hawezi kulala chali, miguu inavimba. Dada mwingine anajulikana wakati wa mimba, kwa sababu mimba inaongeza damu na mlango uliokaza hauwezi kuipitisha. Mtaani wanasema mvivu, au amerogwa. Kumbe ni mlango! Na kubadilisha valvu ni upasuaji mkubwa, wa gharama, mbali na hapa kwetu.

Mwanzoni lakini dawa ni penisilini, ya zamani na ya bei ndogo. Kaskazini mwa Uganda, watafiti walifuata watoto zaidi ya 800 ambao valvu zao zilikuwa zimeanza kuguswa kidogo, bila dalili. Nusu walipewa sindano ya penisilini kila wiki nne. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: baada ya miaka miwili, waliozidiwa ni asilimia 0.8 kwa waliochomwa sindano, na asilimia 8.2 kwa wengine.

Kwa hiyo, wewe uliyesoma, nyumbani unasikilizwa. Mdogo wako akiwa na homa na koo linauma, hasa bila kikohozi wala kamasi, sema apelekwe kituo cha afya. Akipewa vidonge vya siku kumi, amalize vyote, hata kama siku ya tatu anacheza mpira. Na kijana anayehema bila sababu, kabla ya kumtafutia mchawi, munganga amsikilize kwanza moyo.