Majina Yahesabikayo na Yasiyohesabika: Tahadhari kwa Wafasiri

Katika sarufi ya Kiingereza majina hugawanywa katika mafungu mawili. Yahesabikayo huwa na umoja na wingi, na hukubali kutanguliwa na namba. Yasiyohesabika hayakubali namba wala alama ya wingi, na kitenzi chake huwa cha umoja. Kiswahili hupanga majina kwa ngeli. Mipango hii miwili hukutana mahali pengine na kuachana pengine. Inapoachana ndipo mfasiri hukosea.

Tuanze inapokutana. Mkulima wa Bunda hasemi ameuza pamba tatu. Hutaja kilo, na kiwandani pamba iliyochambuliwa huhesabiwa kwa marobota. Mwingereza naye hahesabu “cotton”, bali “bales of cotton”.

Maji, maziwa na mafuta hayahesabiki katika lugha zote mbili, lakini upatanisho hutofautiana. Kwetu husemwa “maji haya yamechafuka”, kama kwamba ni mengi. Kiingereza hutaka umoja: “this water is dirty”. Mwalimu hana budi kulisisitiza jambo hili.

Ugumu huzidi katika maneno kama “equipment”, “luggage” na “information”. Kwa kuwa kifaa, mzigo na taarifa huhesabika kwetu, wengi huyaongezea herufi “s” kimakosa. Anayetaka kuhesabu aseme “two pieces of equipment”, kama sisi tuhesabuvyo punje za mtama wala si mtama wenyewe.

Kufasiri kuja Kiswahili nako kuna mtego wake. Tuseme chama cha wavuvi cha Musoma kimekopeshwa injini, nyavu na mizani, na mkataba wa Kiingereza unadai kurudishwa kwa “the equipment”. Neno hilo halionyeshi idadi, lakini Kiswahili hakimruhusu mfasiri kunyamaza: ni lazima achague kifaa au vifaa. Akiandika “kifaa kitarudishwa”, nyavu na mizani zimepata mwanya wa kutorudi. Yampasa kwanza asome orodha iliyoambatanishwa.

Hatari ni kubwa zaidi katika mashauri ya madai. “Damage” ni uharibifu, nalo halihesabiki. “Damages” si uharibifu mwingi, bali ni fidia anayolipwa aliyedhurika. Herufi moja imebadili dai zima.

Je, mfasiri haruhusiwi kamwe kubadili idadi? Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alipofasiri tamthilia ya Shakespeare, The Merchant of Venice, aliipa jina Mabepari wa Venisi, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Mfanyabiashara mmoja wa Kiingereza amekuwa mabepari wengi, na msomaji anaelekezwa kwenye tabaka zima badala ya mtu mmoja. Fasihi huweza kumpa mfasiri uhuru huo; mkataba haumpi. Kwa hiyo, kabla ya kuandika umoja au wingi, mfasiri na ajiulize: vinavyotajwa hapa ni vingapi, na ni nani atakayedaiwa nikikosea?